Kabla roboti haijafunga tiketi, iulize kimya ni cha nani

Vijana wenzetu, na ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma, leo hatuongei habari za mgao wala za mpira. Tunaongea kuhusu tiketi. Siyo tiketi ya basi la Mbarara. Ni ile ripoti unayoandika kwenye mradi wa programu huria pale programu inapokataa kufanya kazi: nilibonyeza hapa, nikategemea hivi, ikatokea vile. Tunajua wengine mtasema haya ni mambo ya watu wa kompyuta. Subirini kidogo.

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi. Mtu yeyote anaweza kuusoma, kuutumia na kupendekeza marekebisho. Tunazitumia kila siku bila kujua. Yule dada anayepita nyumba kwa nyumba na tableti kuuliza mko wangapi na mnakula mara ngapi kwa siku, mara nyingi anajaza fomu ya KoboToolbox, ambayo ilianzia Harvard Humanitarian Initiative na msimbo wake uko wazi. Kolibri, ile ya masomo yanayofunguka bila intaneti, inayotumika kwenye kambi nyingi, inatengenezwa na Learning Equality wa San Diego kule Marekani. Takwimu za vituo vya afya hapa Uganda zinaingia kwenye DHIS2, inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba tuko nje ya mambo haya. Fomu ikikataa jina lenye apostrofi, kama majina mengi ya Bashi wa Kivu, hilo siyo tatizo la ofisini tu. Ni jina la mama yako kuandikwa vibaya kwenye orodha, na kila mmoja wetu hapa anajua jina likiandikwa vibaya kwenye orodha linamtembeza mtu miezi mingapi.

Na mlango wa kusema upo. Miradi mingi ya aina hii ina orodha ya tiketi iliyo wazi, nyingi ziko GitHub. Unafungua akaunti kwa barua pepe tu. Hakuna anayekuuliza kadi ya mgao, hakuna anayekuuliza umeingia nchi mwaka gani. Hii kwetu ni kitu kikubwa.

Sasa, tiketi zikiwa 10, mtu mmoja anazimaliza jioni moja. Zikiwa 2,000 inakuwa soko siku ya mnada. Hapo ndo inaingia kazi ambayo watu wa programu wanaiita triaji, neno ambalo wenzetu waliotoka Kongo wanalijua tangu zamani kutoka kituo cha afya. Ni yule muuguzi anayekaa mlangoni. Anapima joto, anauliza maswali matatu, anasema: wewe mwenye mtoto anayeharisha pita mbele, wewe mwenye upele kaa pale, wewe karatasi yako imekwisha andikwa jana usijiandikishe mara mbili. Hatibu mtu. Lakini bila yeye daktari angekuwa anamtibu mwenye sauti kubwa. Sisi kwenye kundi letu tunasema kuchambua, sawa na unavyochambua maharagwe ya mgao: mawe huku, yaliyooza huku, mazima kwenye sufuria.

Mchambuzi wa tiketi naye anauliza ya kwake. Je, mwingine ameshaliandika hili? Nikijaribu kwenye simu yangu, inatokea kweli? Ni la haraka, au linaweza kungoja? Kumekosekana habari gani? Nani kwenye mradi anaijua sehemu hii? Halafu anabandika lebo na kumwita mhusika, mmoja au wawili, siyo kijiji kizima. Kwenye Django, mradi wa kutengenezea tovuti uliotolewa kwa watu mwaka 2005, kila tiketi inapita hatua: haijapitiwa, imekubaliwa, tayari kuingizwa, au labda siku moja. Mtu yeyote duniani anaruhusiwa kusaidia kuchambua. Ila kuna sharti tunalolipenda sana: anayesema rekebisho liko tayari lazima awe mtu mwingine, siyo yule aliyelileta. LibreOffice nao wana la namna hiyo, tiketi inabaki haijathibitishwa mpaka mtu wa pili aione kasoro kwa macho yake. Huwezi kuwa mlalamikaji, shahidi na mzee wa baraza kwa wakati mmoja.

Tuje kwenye kinachotuuma.

Mwaka jana kundi letu liliandika tiketi kwenye mradi mmoja wa programu ya kusomea. Jina tunaliacha, watu wake siyo wabaya. Kasoro ilikuwa hii: kwenye simu ndogo zenye RAM ya GB 1, ukichagua Kiswahili, kitufe cha kuhifadhi majibu kinazama chini ya skrini. Juu ya nini? Juu maneno yetu ni marefu. Kiingereza wanaweka neno moja fupi, sisi tunaweka "Hifadhi na uendelee", mistari inasukumana, kitufe kinaishia mahali ambapo kidole hakifiki. Mtoto anajibu maswali yote 20, anatafuta pa kubonyeza, hapaoni, anatoka, kazi yote imepotea. Tuliona watoto watatu siku moja wanaacha kabisa. Tuliandika kila kitu: aina ya simu, toleo la Android, picha za skrini, hatua moja moja.

Baada ya siku 12 mtu wa mradi alijibu kwa heshima: je, inatokea pia kwenye toleo jipya? Swali zuri, mchambuzi mzuri angeuliza vilevile. Lakini toleo jipya lilikuwa MB 90. MB 90 kwa mtu wa Oslo ni kupepesa jicho. Kwetu ni kuchanga pesa, juu data hapa Uganda ina ushuru wa 12% tangu Julai 2021, na bando ya mtu ni ya WhatsApp ya kuongea na ndugu aliyebaki nyuma. Ni kutembea mpaka Base Camp penye mtandao mzuri, na kulipia mwenye sola achaji simu. Wiki hiyo mtandao nao ulikuwa unakuja na kuondoka. Tulipopata, tukapakua, tukajaribu, kasoro bado ipo. Tulipofungua tiketi ili kujibu, tukakuta roboti imetangulia. Siku 14 zimepita bila jibu, tiketi imefungwa kwa kukosa shughuli. Chini yake: asante kwa mchango wako.

Wee! Na kumbe haikuishia hapo. GitHub tiketi ikifungwa na upande wa mradi, wewe uliyeiandika huna kitufe cha kuifungua tena. Unaweza kuandika maneno chini yake tu, kama mtu anayeongea na mlango. Tuliandika. Maneno yako pale mpaka leo.

Roboti hizi zimeenea. Chombo maarufu kinachotolewa na GitHub wenyewe, usipobadilisha mipangilio yake, kinaipa tiketi siku 60 za kimya kisha kinaibandika lebo kwamba imechacha, na baada ya siku 7 nyingine kinaifunga. Kubernetes, mradi mkubwa mno, wanaenda polepole zaidi: siku 90, kisha 30, kisha 30 tena ndo inafungwa. Jumla 150. Na kila hatua roboti yao inakuambia neno gani uandike ili kuzuia, na hata ikishafungwa mwenye tiketi anaweza kuandika neno la kuifungua. Tofauti hiyo siyo ndogo. Roboti ya kwanza inakufungia mlango, ya pili inaurudisha tu na kukuachia komeo upande wako.

Lakini hata siku 150 siyo hoja yetu hasa. Hoja yetu ni kwamba roboti inahesabu kimya bila kuuliza ni cha nani. Kimya kiko cha aina mbili. Kama aliyeongea mwisho ni mwandishi wa tiketi, ameeleza kila kitu, na mradi ndo haujamjibu, basi kile kimya ni cha mradi. Kuifunga tiketi ile ni sawa na karani anayekaa na faili lako miezi miwili halafu anakuambia limepitwa na wakati. Kama aliyeongea mwisho ni mradi, umeuliza swali na mwandishi hajajibu, hapo angalau kuna kitu cha kuhesabu. Hapo tunakubali roboti ihesabu. Ila ihesabu kwa kalenda ya mtu anayepata mtandao mara moja kwa wiki, na ikifunga iache njia ya kurudi.

Na hili si gumu kulitengeneza. Ni lebo mbili: "inangoja mwandishi" na "inatungoja sisi". Roboti iambiwe iguse ya kwanza tu. Akijibu mwandishi, lebo itoke yenyewe. Kubernetes tayari wana lebo ya kusema tiketi hii haijachambuliwa, wana ya kusema imekubaliwa, na wana ya kusema habari zaidi zinahitajika. Kwa hiyo hatuombi miujiza.

Tuwe wakweli pia upande wa pili, maana wapo kati yetu wanaosema hawa watu wanatudharau tu, basi tupige kelele mpaka watusikie. Hapana. Watunzaji wengi wa programu huria hawalipwi. Wanafanya usiku baada ya kazi. Mtu anaamka asubuhi arifa 300 zinamngoja, nusu ni watu wanaoandika "na mimi pia". Januari 2016 watunzaji wengi walikusanya majina yao chini ya barua ya wazi kwa GitHub wakilalamika juu ya jambo hili hili: tiketi zinakuja bila maelezo, na kila "na mimi pia" inamtumia arifa kila mtu aliyemo. Miezi michache tu baadaye zikaja fomu za kuanzia tiketi, na kile kidole gumba ambacho ukikibonyeza unaunga mkono bila kumwamsha mtu. Malalamiko yaliyopangwa vizuri yalileta jibu. Tunapenda kuwakumbusha hivyo wenzetu wanaoamini tu kelele.

Na kelele zina hatari yake. Kuna programu ndogo inaitwa xz, ya kubana mafaili, iko ndani ya mifumo mingi ya Linux. Kwa miaka mingi mtunzaji wake mkuu alikuwa mmoja, Lasse Collin, na hakuwa analipwa. Mwaka 2022 akaunti ambazo hakuna aliyezijua zilianza kumsukuma: kwa nini hujibu, kwa nini mradi umelala, mpe mtu mwingine. Yeye alieleza wazi kwamba afya yake ya akili haikuwa nzuri na kwamba kazi ile ni ya kujitolea. Mtu aliyejiita Jia Tan, aliyekuwa anasaidia kwa upole, akapewa madaraka. Mwanzoni mwa 2024 matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka yakiwa na mlango wa siri ndani. Aliyegundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, baada ya kuona kuingia kwenye mashine kunachelewa kama nusu sekunde. Alitangaza tarehe 29 Machi 2024. Nusu sekunde, bana! Sisi tunaisoma habari hii hivi: mtu mmoja akiachwa peke yake na lundo la tiketi na watu wanaomfokea, wema na wabaya wanafanana machoni pake. Angekuwa na watu watano wa kuchambua, wa kusema "hii imejibiwa, hii ni kelele, hii iangalie leo", mambo yangekuwa magumu zaidi kwa mwenye nia mbaya.

Kwa hiyo tunasema: nendeni mkachambue. Vijana wetu wanaojifunza kompyuta kwenye kituo cha vijana wanaambiwa kila siku "changia msimbo, changia msimbo". Mtu ana miezi minne ya mafunzo na simu yenye kioo kilichopasuka, anafungua mradi wenye mistari laki mbili, anaogopa, anafunga. Hakuna aliyemwambia kwamba anaweza kuanza kwa kusoma tiketi za wengine na kujaribu kama kasoro inatokea. Wakubwa wengine hapa wanasema huo ni ukarani. Sawa, uwe ukarani. Karani mbovu mnamjua wote, na karani mzuri mnamjua pia, mnauliza yuko zamu lini kabla ya kupanga foleni.

Tena sisi tuna kitu ambacho hawana. Tuna simu zilizozeeka, Tecno na itel za mkono wa tatu, Android za zamani, kumbukumbu iliyojaa, mtandao unaokatika katikati. Kasoro ambayo mhandisi akiwa na simu mpya haioni hata akitafuta mwezi mzima, hapa inajitokeza kabla ya chai. Mtu akiandika "imethibitishwa, itel ya GB 1, toleo fulani, nimejaribu mara tatu, mara mbili imetokea", amemwokolea mtunzaji siku nzima. Na kwenye miradi iliyo chini ya shirika, GitHub ina ngazi ya ruhusa iliyotengenezwa kwa kazi hii hasa: unaweza kubandika lebo, kufunga na kufungua tiketi, bila kugusa msimbo hata herufi. Mradi ukikuamini unakupa hiyo. Ni ufunguo wa sebule, siyo wa kabati la pesa, na hiyo inatosha kuanzia.

Kuhusu lugha: andika kwa Kiingereza chepesi au Kifaransa chepesi, na chini yake uweke Kiswahili chako cha mwanzo. Usione haya. Tafsiri ya mashine inakosea, na mtu akiona maneno ya mwanzo anaweza kumuuliza mwingine. Mama anayeuza dagaa hatafungua akaunti ya GitHub, tusimsubiri. Wewe kijana ndiye unayemsikiliza, unauliza "mama, ulipobonyeza hapo uliona nini?", unaandika. Tumeona kwamba wazee wetu wanaeleza kasoro vizuri kuliko sisi, maana hawadhani wanajua sababu. Wanasema walichoona, basi.

Arifa sasa. Hapa ndo bando na muda wa watu vinakwisha bure. Ukiingia mradi mkubwa na kubonyeza kitufe cha kufuatilia kila kitu, kesho simu yako italia mpaka chaji iishe. Usifanye hivyo. Chagua ile ya kupata arifa za tiketi ulizoshiriki au ulipotajwa jina. Kwa mradi unaoupenda lakini huna kazi nao, chagua upate habari za matoleo mapya peke yake. Barua pepe ndiyo rafiki yetu kuliko tovuti: arifa ikija kwa barua pepe ni maneno matupu, KB chache, na ukiijibu ile barua jibu lako linaingia moja kwa moja kwenye tiketi bila kufungua ukurasa wenye picha. Wengi hawajui hili na wanachoma MB. Na jueni kwamba arifa ndani ya GitHub ambayo hukuihifadhi inakaa miezi 5 kisha inatoweka. Kwa mtu anayehamishwa zoni, au anayeenda kulima msimu mzima, miezi 5 siyo mingi.

Kwenye kundi letu tumefanya zamu. Kila mtu ana akaunti yake, maana sheria za GitHub haziruhusu watu kuingia kwa akaunti moja. Lakini tuna daftari moja la karatasi, la kurasa 96. Kila tiketi ina mstari: namba, mradi, nani aliandika, nani alijibu mwisho, tunangoja nini. Safu ya "nani alijibu mwisho" ndiyo yenye kazi kubwa kuliko zote. Mwenye zamu ya wiki akipata mtandao anasoma barua pepe zake, anatembea kwa wenzake au anapiga simu: tiketi yako imeulizwa swali, jibu tafadhali. Daftari halihitaji chaji. Watu walicheka mwanzoni eti mambo ya teknolojia yanaandikwa kwa biki, leo hata waliocheka wanakuja kuangalia mstari wao.

Kwa miradi tuna ombi moja zaidi, na tumeliiba kwa Rust. Wao wana makundi ya kuitwa: watu wa Windows, watu wa ARM, kila mtu amejiandikisha kwa hiari yake. Kasoro ya Windows ikija, mchambuzi anaiambia roboti iwaite watu wa Windows, na wao tu ndio wanapata arifa. Kwa nini lisiwepo kundi la Kiswahili? Au la simu ndogo? Kasoro ya maneno marefu ikija, waiteni watu 8 ambao wanaweza kuijaribu kweli kwenye simu za aina hiyo, siyo watu 800 ambao watafuta arifa bila kusoma. Roboti ileile inayofunga tiketi zetu inaweza pia kuita watu.

Na ninyi wa mashirika, mlikuwa mnadhani mmepona. Kazi hii haina mshahara, na hatutaki kuambiwa kila mwaka kwamba tunapata uzoefu. Uzoefu hauchemshwi. Django wenyewe waliona kwamba uchambuzi hauwezi kutegemea hiari peke yake, na tangu 2014 wakfu wao unalipa watu wanaoitwa Fellow, ambao sehemu kubwa ya kazi yao ni tiketi. Shirika linalotumia programu huria kuandikisha maelfu ya familia linaweza kuweka kwenye bajeti vijana wawili wa kuchambua kasoro, na posho yao (ile ya pesa, siyo ile ya sufuria) na GB chache za mwezi. Ninyi ndio mtakaofaidika wa kwanza, kwa sababu fomu zenu ndizo zinazokwama.

Halafu tazameni visanduku vyenu vya malalamiko. Hatutaji shirika. Tunauliza tu: barua ikiingia mle, nani anaisoma, nani anaibandika lebo, mwenye barua anajuaje imefika wapi? Kwenye taarifa ya mwisho wa mwaka tunaona malalamiko mengi "yametatuliwa". Mengine sisi tunayajua, tuliyaandika kwa mkono wetu, na hakuna aliyetuita. Tiketi ya programu angalau iko wazi, kila mtu anaona nani alinyamaza na tangu lini. Kisanduku kina kufuli.

Ile tiketi yetu bado imefungwa. Mwezi huu tumeandika mpya, tumeweka namba ya ile ya zamani juu kabisa, picha mpya kutoka toleo jipya, na mstari mmoja wa ziada: "Tunapata mtandao siku ya Jumamosi. Mkiuliza Jumapili, jibu litakuja baada ya siku sita, tupo." Siku nne baadaye mtu amebandika lebo kwamba imethibitishwa, na ameuliza kama tunaweza kujaribu rekebisho kwenye simu zaidi ya moja. Zamu ya wiki hii ni ya wenzetu wa Juru. Mwenye simu ya GB 1, hata yenye kioo kibovu, aje nayo Jumamosi saa nne asubuhi Base Camp, ikiwa na chaji.